Mwalimu Lukresia na Masale ya Mfongoni

Tumsifu Yesu Kristo.

Baba Paroko, masista, viongozi wa kijiji na wa kata, walimu wa Mfongoni A na walimu wa Mfongoni B, majirani, ndugu na jamaa mliopanda mlima na mlioshuka mlima kuja kumsindikiza mama huyu, mimi ni Martin, mtoto wa Mzee Valerian Temu ambaye ni kaka wa marehemu, na ukoo umenituma niwasomee maisha ya shangazi yangu. Kazi hii nimepewa pamoja na sharti moja, kwamba yale ambayo Mfongoni nzima inayajua yasirukwe, kwa sababu walioyaona kwa macho wameketi hapa, na kwa sababu marehemu mwenyewe, kila aliposikia msibani maisha ya mtu yanasomwa yakiwa yamelainishwa, alikuwa akimgeukia jirani yake kwenye benchi na kumuuliza, "Kwani tunamzika nani?"

Marehemu Mwalimu Lukresia Sylvanus Mushi alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 katika kijiji cha Kirima, Kibosho, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Aloisi Temu na Mama Anastazia, wakulima wa kahawa na ndizi, akabatizwa mwaka huohuo na baadaye kupata Komunyo ya kwanza na Kipaimara katika parokia hii ambayo leo inamuaga.

Kaka yake Valerian alipelekwa shule mwaka 1964, na ilipofika zamu ya marehemu, mwaka 1966, wazazi waliamua abaki nyumbani, kwa sababu ng'ombe walikuwa ndani ya banda, majani yalikuwa mbali, na mtu wa kuyakata alikuwa yeye. Kila asubuhi alikata majani, akajitwika, na akirudi alikuwa akiutua mzigo chini ya dirisha la darasa la kaka yake na kufuata somo akiwa amesimama nje, na baba yangu, Mzee Valerian, anasema mpaka leo kwamba alipokwama kusoma ubaoni, jibu lilitoka dirishani kabla hajafungua mdomo, "na fimbo nikachapwa mimi." Mwalimu alimfukuza mara nyingi, akarudi mara nyingi, hadi Mzee Aloisi aliposalimu amri na kumwandikisha darasa la kwanza Januari 1968, akiwa anakaribia miaka tisa, mrefu kuliko wenzake wote. Marehemu alituambia kuwa hapo dirishani ndipo alipoujua wivu kwa mara ya kwanza, na kwamba wivu huo haukuwa wa nguo wala wa chakula, ulikuwa wa benchi.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1974, na nchi ilipohitaji walimu wengi kwa haraka ili kila mtoto apate shule, akachaguliwa kuwa mmoja wao, akasoma ualimu huku akifundisha. Alianza kazi rasmi mwaka 1977 huko Chekereni, ambako wakati wa mavuno ya mpunga darasa zima lilihamia kwenye majaruba kufukuza ndege, naye akalifuata hukohuko na ubao mdogo wa mkono. Mwaka 1984 alihamishiwa Mabogini, na Januari 1990 akaletwa Mfongoni, mji wetu mdogo wa hapo chini, kati ya Moshi na miteremko ya Kibosho, ambako alifundisha hadi alipostaafu, na kuanzia mwaka 2003 akiwa mwalimu mkuu.

Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na Bwana Sylvanus Mushi, aliyekuwa mpima kahawa wa chama cha ushirika, na Mungu akawajalia watoto wawili, Filbert, aliyezaliwa mwaka 1986, ambaye ni dereva wa watalii huko Arusha, na Gladys, aliyezaliwa mwaka 1989, ambaye ni muuguzi. Ameacha pia wajukuu, na wa kwanza kati yao ni Flavia, binti wa Filbert, aliyelelewa na bibi na babu yake hapahapa kwenye kihamba, shamba hili la ukoo, tangu akiwa na miaka mitatu.

Kati ya wanafunzi aliowafundisha Mfongoni, mmoja ni Mwalimu Stella Kessy, ambaye yuko nasi. Marehemu alimfundisha kuanzia darasa la nne, akamshika mkono kumwonyesha jinsi ya kuandika ubaoni bila mstari kupanda, na Stella aliporudi Mfongoni mwaka 2008 akiwa mwalimu, mwandiko wake na wa marehemu ulikuwa haujulikani upi ni wa nani. Mwaka 2013 akawa mwalimu mkuu msaidizi wake, wakawa wanakunywa chai kutoka chupa moja, na marehemu alizoea kusema mbele ya wageni, "Huyu nikifa ndiye mimi."

Januari 2016, elimu bila malipo ilipoanza, watoto walioletwa kuandikishwa darasa la kwanza walizidi madawati, wakazidi na sakafu, na uamuzi ukatolewa kwamba shule igawanywe mbili ndani ya uwanja mmoja, Mfongoni A na Mfongoni B. Mwaka uliofuata, Januari 2017, Mfongoni B ikafanywa shule ya mchepuo wa Kiingereza, yaani shule ya serikali kama ile nyingine, ila masomo yake kwa Kiingereza, na mwalimu mkuu wake akawa Stella. Mfongoni A ikabaki na Kiswahili chake, masweta yake ya bluu na Mwalimu Lukresia, na Mfongoni B ikaja na masweta ya rangi ya damu ya mzee.

Wazazi waliokuwa wakimpa marehemu shikamoo zao kwa magoti sasa walipita mbele ya ofisi yake wakitazama chini, kwenda ofisi ya pili. Yeye alisimama barazani kila asubuhi akiwatenganisha watoto kwa macho, bluu huku, damu ya mzee kule, na walimu wake wanasema alijua hata mtoto gani jana alikuwa bluu. Hakumwandikia mtu malalamiko. Alichofanya ni kwamba, mvua za Machi 2017 zilipoanza, aliwaambia wanafunzi wa darasa la sita na la saba waje na vipande vya isale, ule mmea wa majani marefu, kutoka nyumbani, wakapanda masale kutoka lango hadi kwenye choo, mstari mmoja ulionyooka, katikati ya uwanja. Kwetu sisi isale ni mpaka wa kihamba, na Mwalimu Stella alipotoka kuuliza kuna nini, alijibiwa, "Mpaka. Au kwenye Kiingereza hakuna mipaka?" Bomba la maji lilikuwa upande wa A, na ni haki kusema kwamba katika mstari huo aliacha mwanya wa kutosha mtoto na ndoo yake, akasema maji hayana mchepuo.

Masale yalishika. Mwaka mmoja baadaye yalikuwa yanafika kifuani, na kuna walimu waliomwona, saa za mapumziko, amesimama nyuma yake akichungulia darasa la kwanza la B kupitia majani, akitazama ubao wenye mwandiko wake.

Sasa nafika kwenye lile jambo, na Baba Paroko atanisamehe. Desemba 2017 Filbert alimpigia simu baba yake kuhusu Flavia, aliyekuwa amefikia umri wa kuanza darasa la kwanza, akamwambia, "Baba, mimi Kiingereza nimejifunzia kwenye gari, mtu mzima, wageni wakinicheka. Huyu asichekwe. Mpeleke B." Mzee Sylvanus akauliza, "Na mama yako?" Filbert akajibu, "Mama atasema nimemkataa. Mwambie wewe." Mzee Sylvanus aliahidi kumwambia, akaahidi pia kwa Mwalimu Stella alipokwenda kumwandikisha mtoto, na kila jioni alipotaka kusema aliiona sura ya mke wake akakumbuka kwamba hajawapa ng'ombe maji. Kwa hiyo marehemu aliendelea kuamini kwamba Flavia anarudia mwaka katika chekechea ya parokia, hapa juu. Kila siku ya shule yeye aliondoka alfajiri, na baada ya hapo babu na mjukuu walishuka kwa njia ya nyuma hadi kibandani kwa Mama Winfrida, pale njia panda, ambako sweta la damu ya mzee lilikuwa limetunzwa, mtoto akabadilishwa, wakaingia B kwa lango la chini, lisiloonekana kutoka ofisi ya A.

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 18 Februari 2018, baada ya misa, Mama Winfrida, ambaye alidhani jambo hilo linajulikana, na ambaye yuko pale kwenye sufuria na ameruhusu lisomwe, alimwambia marehemu, "Mwalimu, kwa kweli baba Filbert na mchepuo wake wanapendana. Kila asubuhi wanapita kwangu wameshikana mikono. Juzi kamnunulia na maandazi." Winfrida alisema mchepuo, akimaanisha mtoto wa shule ya mchepuo. Marehemu alisikia mchepuko, neno ambalo vijana wanamwitia mpenzi wa pembeni. Akauliza kwa utulivu, "Ni mzuri?" Winfrida akasema, "Mzuri, sema hana meno mawili ya mbele."

Gladys anasema mama yake alimpigia simu mchana huo na hakulia, ila alirudia swali moja, "Sylvanus ananiacha mimi kwa ajili ya mtu asiye na meno?"

Jumatatu yake marehemu hakwenda shuleni mapema, kwa mara ya kwanza tangu awe mwalimu mkuu. Alijitanda kitenge, akachukua mwavuli ingawa hapakuwa na wingu, akawafuata kwa mbali, na alipofika njia panda alimkuta mume wake amepiga magoti mbele ya kibanda, akimfunga Flavia vifungo vya sweta la damu ya mzee. Aliangalia sweta kwanza, halafu mtoto, halafu mume. Wauza ndizi wote waliokuwepo walisikia alichosema, kwa hiyo si siri ya ukoo. Alisema, "Sylvanus, bora ningekuta mwanamke."

Akamshika Flavia mkono, na watu wakadhani anamrudisha nyumbani, lakini alimpeleka mwenyewe hadi lango la B, kwa sababu kipindi cha kwanza kilikuwa kimeanza na hakupenda mtoto achelewe. Mwalimu Stella alitoka mbio, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Marehemu alimtazama, akamwachia mkono wa mtoto, akaondoka bila kuitikia.

Mzee Sylvanus alikula mtori wa ndizi uliopoa hadi Pasaka, kisha akasamehewa. Filbert alisamehewa Krismasi, alipokuja na kupiga magoti. Flavia hakuwahi kuwa na kosa, ila kila jioni bibi yake alimkalisha na kitabu cha Kiswahili, akisema mchana ni wa Stella, jioni ni yake. Mwalimu Stella hakusamehewa. Kila asubuhi ya kazi alisimama upande wake wa masale akasema, "Shikamoo, Mwalimu," na kila asubuhi marehemu alipita. Hadithi ya njia panda ilipofika madarasani, watoto wa B, waliokuwa wakiwaita wenzao Kayumba, jina la mitaani la shule za kawaida za serikali, walianza kujibiwa kutoka ng'ambo ya masale, "Michepuko! Michepuko!", na mwalimu mkuu wa A, aliyekuwa hapendi kelele, siku hizo alikuwa hasikii vizuri.

Alistaafu tarehe 14 Machi 2019. Kwenye sherehe ya kumuaga, Mwalimu Stella alileta kitenge na kumvisha mabegani, akasema shikamoo mbele ya afisa elimu kata. Kitenge kilipokelewa. Shikamoo haikuitikiwa. Wengi wenu mlikuwepo, na mnakumbuka jinsi watu walivyoanza kupiga makofi ili kufunika ukimya ule. Kwetu sisi mtu mzima anaweza kumnyima mtu nyumba, shamba au mtoto wa kuoa, lakini marahaba haina gharama, na anayeinyima anasema kwamba mbele yake hakuna mtu. Mwalimu Stella alirudi kwenye kiti chake, na tangu siku hiyo hofu yake, kama alivyomweleza Gladys, ilikuwa moja, kwamba mama huyu angekuja kuzikwa shikamoo yake ikiwa bado imesimama pale langoni.

Ugonjwa wa kisukari uligundulika mwaka 2014, ukatulizwa kwa dawa na kwa Gladys kumficha sukari, lakini Oktoba 2023 figo zilianza kushindwa, na kuanzia Februari 2024 marehemu akawa anapelekwa hospitali ya rufaa hapa Moshi kusafishwa damu, Mzee Sylvanus akiwa pembeni yake kila safari.

Januari 2025 Flavia aliingia kidato cha kwanza katika shule ya sekondari ya kata, na siku ya kwanza alirudi na mwenzake, Rachel, binti wa Mama Winfrida, aliyemaliza Mfongoni A. Wote wawili walikuwa wamevaa sare moja. Marehemu aliwasimamisha barazani, akawageuza, akauliza mnakaa wapi darasani, wakasema dawati moja. Akauliza nani anamsaidia nani, Flavia akasema yeye anamfafanulia Rachel Kiingereza cha mwalimu, Rachel akasema na yeye anamkokotolea Flavia hesabu, "maana huyu, Bibi, kwa hesabu ni mgonjwa kuliko wewe." Marehemu alicheka hadi akashikwa na kikohozi. Baadaye alimwuliza Mzee Sylvanus, "Kwa hiyo miaka yote ile mstari wangu ulikuwa unaishia kidato cha kwanza?" Mzee Sylvanus akakumbuka kwamba hajawapa ng'ombe maji.

Tarehe 21 Julai 2025, akiwa amelazwa, alimwomba mume wake akakate isale. Wageni wetu wajue kwamba isale lilelile linaloweka mpaka ndilo linaloomba msamaha, mkosaji humtuma mtu mzima alipeleke, na aliyeletewa haruhusiwi kulikataa. Mzee Sylvanus akasema atakata la hapa nyumbani, maana limejaa kihamba kizima. Marehemu akasema, "La nyumbani halijui ugomvi wetu. Kata la shuleni." Mzee Sylvanus alishuka Mfongoni, akakata jani katikati ya mstari ule, walimu wa pande zote wakitazama, akavuka kwa mwanya wa ndoo, akampa Mwalimu Stella, naye akalipokea kwa mikono miwili.

Alasiri hiyohiyo Mwalimu Stella alifika wodini na isale mkononi. Gladys alikuwepo na ndiye aliyenieleza. Mwalimu Stella alisimama mbali kidogo na kitanda, pale ambapo mwanafunzi husimama, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Marehemu akasema, "Marahaba." Akavuta pumzi, akaongeza, "Na zile zote za nyuma, marahaba." Mwalimu Stella akakaa sakafuni, ingawa kiti kilikuwepo.

Kisha marehemu akauliza, "Darasa la kwanza mwaka huu mmeandikisha wengi?" Stella akasema, "Wengi, Mwalimu." Akauliza, "Kuliko A?" Stella akasema, "Kuliko A." Marehemu akageukia ukutani, akasema, "Ungenidanganya kidogo basi, mimi ni mgonjwa."

Waliendelea kuonana kila siku hadi tarehe 5 Agosti 2025, saa nne asubuhi, moyo wake uliposimama, akiwepo mume wake, watoto wake wote wawili, na Mwalimu Stella, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Kwa niaba ya ukoo wa Temu na ukoo wa Mushi, tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao marehemu aliwasahihisha mwandiko nao wakakubali, tunamshukuru Baba Paroko kwa Sakramenti ya wagonjwa, tunawashukuru majirani mliokata majani ya ng'ombe siku zote ambazo Mzee Sylvanus alikuwa hospitali, akina mama wa jumuiya, Mama Winfrida na wenzake jikoni, na walimu wa shule zote mbili mliochimba kaburi kwa zamu. Isale litakalopandwa kichwani pa kaburi limeng'olewa na mizizi yake kutoka kwenye mstari wa Mfongoni, na Mwalimu Stella ndiye aliyelibeba kupanda nalo mlima. Pengo lililobaki pale, kamati za shule zimekubaliana, halitazibwa.

Mwalimu, najua swali ambalo ungeuliza kabla hatujakushusha, kwamba watoto waliokuja ni wengi wa upande gani. Nimesimama hapa mbele nikajaribu kukuangalizia. Lakini leo ni Jumamosi, wamekuja na nguo za nyumbani, wamekaa wamechanganyika kwenye nyasi hadi huko migombani, na hakuna mtu hapa anayeweza kukuambia nani ni wa wapi.

Pumzika hivyohivyo, Shangazi, kwa amani.